Yowe Nililopiga Kwenye Nyumba ya Mapumziko

Dada yangu Sesilia ndiye aliyeipata ile nyumba kwenye simu. Picha zilionyesha nyumba ya shambani yenye bati jekundu na baraza pana, msitu wa misonobari nyuma yake, na ziwa likimetameta kati ya miti. Mama alikuwa ametoka hospitali kwa ajili ya presha, na daktari alisema anahitaji utulivu. Kwetu Buzuruga, karibu na stendi, wapiga debe huamka kabla ya jogoo. Lakini shida kubwa haikuwa kelele. Shida ilikuwa misiba. Mama hapitwi na msiba, awe anamjua marehemu au hamjui, na mara ya mwisho alianguka huko huko msibani, kikombe cha uji mkononi.

“Wewe ndiye utakayekwenda naye,” Sesilia aliniambia. “Huna kazi ya kukushika. Na usikie vizuri, Mathias: asitembee peke yake, na habari ya msiba wowote isimfikie. Akianguka tena, daktari amesema tusitegemee atainuka.”

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa utingo wa malori, mpakuaji wa dagaa na mchekecha dhahabu Geita. Nyumba ilikuwa upande wa Buchosa, ambako sikuwahi kufika, kwa hiyo nilikubali haraka kwa tamaa ya kuona. Hofu ilikuja baadaye.

Ilinikuta kwenye kivuko cha kwenda Kamanga. Mama alisimama kwenye ukingo akitazama mawe ya Mwanza yakirudi nyuma, nami nikawa namtazama yeye: midomo, macho, jinsi anavyovuta pumzi.

“Unanikagua kama sangara anayetaka kuoza,” alisema. “Angalia maji.”

Sengerema tulikodi mchomoko, yale magari madogo ya abiria, ili Mama akae kwa nafasi. Dereva alimtazama kwenye kioo, akaona mama mtu mzima, kanga mbili na kikapu.

“Shikamoo mama. Mnakwenda msibani?”

“Mapumziko!” nilijibu kabla Mama hajasema marahaba.

“Mapumziko? Kule?” Alicheka. “Watu wanaenda kule kupasua mbao.”

Tulifika alasiri. Lami ilikuwa imeisha zamani, na barabara ya vumbi ikapita katikati ya misonobari iliyopandwa kwa mistari, mirefu, myeusi chini. Mtunza nyumba, Mama Kulwa, alitupokea kwa goti. Aliposikia Mama anamwitikia salamu kwa Kisukuma, “mwadila mayu”, alimshika mikono yote miwili wakacheka kama waliopoteana. Tulipewa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na jioni sato na ugali wa muhogo. Kila kitu kilikuwa kama kwenye picha, tena kizuri zaidi.

Ule ukimya ndio ulionishinda. Nimezoea kulala juu ya magunia, injini ikinguruma. Pale nilisikia kila sindano ya msonobari ikidondoka juu ya bati, na kila mara nilikwenda mlangoni kwa Mama kusikiliza kama anapumua.

“Napumua,” alisema kutoka gizani. “Nenda kalale.”

Asubuhi iliyofuata kipimo cha presha kilikuwa kizuri. Baada ya chai alijilaza, na mimi nikaona mizinga ya nyuki ikining'inia mwanzoni mwa msitu. Nikasema naitazama tu. Mizinga ikanipeleka kwenye kijito, kijito kikanipeleka kwenye shimo la wapasua mbao. Niliporudi jua lilikuwa limepanda sana, na kitanda cha Mama kilikuwa kitupu. Ndala hazipo. Kanga ya njano haipo.

Nilikimbilia jikoni kwa Mama Kulwa. Majivu yamepoa, hakuna mtu. Nikaenda mji wa jirani, boma lililo nyuma ya ua wa minyaa, nikapiga hodi mpaka mbwa akachoka kunibwekea. Hakuna mtu. Nikashuka ziwani. Pale wanapochota maji palikuwa na ndoo moja imelala ubavu, na matete yamevunjika. Nilimwita Mama mara mbili, mara tatu.

Hapo nilipiga yowe. Mimi ni mtoto wa Kisukuma, najua yowe ni nini: akilisikia, mwanamume anaacha hata chakula mdomoni. Haikupita muda wanaume wakatokea katikati ya miti, wenye mapanga na wenye sururu, miguu imejaa udongo mwekundu. Mbele alikuwa Shija, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

“Wapi? Mwizi au mamba?”

“Mama yangu amepotea!”

“Mama yako yupi?”

“Mgeni wa nyumba hii. Kanga ya njano.”

Walitazamana. Mmoja akaangua kicheko. “Yule anayeimbisha? Yuko kwa marehemu tangu asubuhi! Tulidhani ni shangazi wa wafiwa kutoka Magu.”

Mzee wa mji wa tatu alikuwa amefariki alfajiri. Mama alisikia kilio nikiwa msituni, akamfuata Mama Kulwa. Nilikuwa bado namshukuru Mungu nilipoona uso wa Shija umebadilika.

“Kaburini amebaki nani?” aliuliza.

Wachimbaji wote walikuwa pale, kwangu. Wakageuka mbio, nami nyuma yao.

Kaburi lilikuwa limefika magotini. Shija alisimama pembeni akihema. “Kwetu kaburi likishafunguliwa haliachwi peke yake,” alisema. “Likiachwa, linaita mwingine.”

Ng'ambo ya migomba nilisikia sauti ya Mama ikianzisha wimbo.

“Tufanyeje?”

“Aliyetutoa ndiye anayeingia. Hatoki mpaka limekwisha.” Akanipa sururu.

Sijui kama naamini mambo hayo. Siku ile sikuwa na nafasi ya kujiuliza. Nilichimba udongo, nikachimba kokoto, malengelenge yakatoka na kupasuka. Kila wimbo ulipokatika niliinua sururu nikaiacha hewani, mpaka nimsikie tena.

“Chimba, utingo!” walinicheka juu ya shimo. “Mama yako anameza mate tu!”

Tulizika jioni. Mama aliniona nimejaa udongo hadi kwenye nyusi.

“Nani amekwambia uache mapumziko?”

“Mama, ungeaga!”

“Ningeaga ungenizuia.”

“Ungeweza kufa hapa.”

“Mathias,” alisema polepole, akikaa kwenye mkeka, “kwenye ile baraza hakuna hata mtu wa kumpa pole. Nilikuwa najisikiliza moyo siku nzima, kama wewe unavyonisikiliza. Hapa niliusahau.”

Kipimo kilikuwa kimepanda. Nilimpa dawa, nikakaa karibu naye, na kesho yake kilishuka. Sesilia alipopiga simu nilimwambia yote, naye alinigombeza mpaka salio likamwishia. Siku zilizobaki Mama alishinda msibani akichambua dagaa na wanawake, nami nikimfuata kwa hatua chache, nikiwa na dawa mfukoni.

Siku ya kurudi, mchomoko ukiwa unanguruma mlangoni, Shija alikuja na jogoo aliyefungwa miguu.

“Wa njiani,” alisema. “Na siku ya kumaliza msiba waliochimba wananawa pamoja. Mmoja akikosekana, tunasubiri.”

“Mimi ni mgeni, mzee.”

“Ulikuwa.”

Kwenye kivuko Mama alisinzia begani kwangu, nami bado nilikuwa nahesabu pumzi zake. Safari haikuniponya hilo. Nimefika miji mingi na kuondoka, na hakuna hata mmoja uliowahi kuuliza nimekwenda wapi. Sasa kuna watu chini ya misonobari ambao hawatanawa mikono mpaka nifike.