Kichwa Changu na Ujumbe wa Nyanya

Kwetu Molo barua hazikuandikwa. Zilitiwa kichwani mwangu. Nyanya hakujua kusoma, na karatasi hakuiamini. Aliniambia neno mara moja tu, nami nikalifikisha kijiji jirani cha Turi bila kudondosha hata silabi moja, nikijivuna ajabu.

Nilipotimiza miaka kumi na tano, mwanzoni mwa miaka ya sabini, vijana waliokausha pareto walinifunza kuvuta bangi. Nilijiona mwanamume. Miezi michache baadaye nilikuwa nikisahau hata ng'ombe nimemfunga wapi, lakini sikumwambia mtu.

Ndipo shangazi yangu akaposwa. Nyanya alinituma kwa wazee wa bwana harusi: wasije Jumamosi hii, waje ile itakayofuata. Njiani nikavuta kidogo. Nilipofika nikatangaza kwa sauti ya mhubiri, "Njooni Jumamosi hii!"

Wakaja, wazee saba na makoti yao mazito. Walimkuta nyanya akikandika ukuta, matope hadi viwikoni, na shangazi amejifunga gunia kiunoni, uso hajanawa. Chakula kilikuwa githeri, mahindi na maharagwe ya jana. Shangazi alinitazama, nikatamani ardhi inimeze, maana posa ikivunjika ni mimi nimeivunja. Bahati yetu mkubwa wao aliangua kicheko.

"Usijali, mama. Sasa tumejua huyu msichana ni wa kazi."

Walipoondoka, nyanya alininusa shati. Hakunichapa.

"Rudia ile maneno nilikutuma."

"Waje Jumamosi hii," nikarudia.

"Kichwa ya kijana ni kama huu ukuta," alisema, "haijakauka. Na wewe umeshaiegemea."

Toka siku hiyo ujumbe ulipewa dada yangu wa miaka minane, nami niliambiwa nitoke nje kwanza. Iliniuma kuliko kiboko. Bangi niliiacha, ila kumbukumbu haikurudi upesi kama nilivyotumaini. Hata masomo yalinilemea mwaka mzima.

Mwaka uliofuata nyanya aliniita, akanipa ujumbe wa maneno manne. Nilikimbia hadi Turi nikiyarudia midomoni, nikayafikisha yote manne. Niliporudi alinikumbatia, akanimiminia maziwa lala, akacheka hadi akatokwa na machozi. Kisha akamtuma dada yangu Turi, akahakikishe.