Siku Nchi Nzima Ilipojua Baba Analia

Jamani, mie hadi leo nikikutana na mtu aliyefanya kazi ya simu za maandishi zama zile za Ujamaa nainamisha uso, maana akinikumbuka mie atamkumbuka na baba yangu, ambaye hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuzaa binti mwenye haraka.

Tulikuwa tunakaa Temeke, baba akichonga vinyago uani, mie nikifanya kazi mjini kwenye mtambo, ule unaopiga chapa hapa maneno yakatokea Mwanza. Kaka yangu Bakari alikuwa ameondoka nyumbani (alikataa kuchonga, baba akamwambia basi nenda, naye akaenda kweli), na tetesi zilisema yuko Tabora. Baba alitukataza kumtaja. Lakini chumba changu na cha baba mwenyewe vilitenganishwa na ukuta mwembamba wa udongo, na mie nilikuwa namsikia.

Sasa ofisini tukawa tunarekebisha kanuni za kuandika simu, kwa sababu kila kituo kiliandika kivyake, huyu anaanza na mtumaji, yule anaweka anwani mwishoni, na simu zikawa zinapotea ovyo. Bosi wetu, Ndugu Mushi, akatunga utaratibu mpya: mstari wa kwanza kituo kinachopelekewa, wa pili mtumaji, ndipo maneno yenyewe; na mstari wa kwanza ukiachwa mtupu, basi simu iende vituo vyote nchini. Na kwenye majaribio kila kituo kirudishe maneno yale yale, tuone kama yamefika sawasawa.

"Zuhura, tuma ya kwanza Tabora," akaniambia. "Andika chochote, ni majaribio tu."

Chochote! Mie nikaona Mungu kanifungulia mlango. Badala ya kuandika habari za mvua kama wenzangu, nikaandika: BAKARI RUDI NYUMBANI BABA ANALIA CHUMBANI ANADHANI HATUMSIKII. Na kwa mazoea yangu ya zamani, Tabora nikaiweka mwishoni. Mstari wa kwanza mtupu.

Nilikuwa bado najipongeza mtambo ulipoanza kugonga. Lindi: BABA ANALIA CHUMBANI. Tanga: BABA ANALIA CHUMBANI. Bukoba, Songea, Kigoma, karatasi inashuka hadi sakafuni, na Ndugu Mushi, aliyekuja na wageni kuwaonyesha utaratibu wake, akaiokota akaisoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini.

Ningenyamaza yangeisha. Lakini mie kwa kihoro nikaurukia mtambo nikaandika PUUZENI BABA HALII, na mstari wa kwanza, tena, mtupu! Nchi nzima ikanirudishia: BABA HALII. BABA HALII. Wageni wakatazama dari.

Ndugu Mushi akanivuta pembeni, nikajua kazi ndiyo basi.

"Analia kweli?" akaniuliza taratibu.

"Ndiyo, ndugu."

Akakohoa. "Hiyo kanuni ya mstari mtupu nimeikosea mie. Ukiwa mtupu, simu irudi kwa mwenyewe." Akaikata kwa kalamu pale pale.

Jioni, nataka kutoka, ikaingia simu kutoka Mpanda, mahali ambapo sikuwahi hata kupafikiria: BAKARI YUPO HAPA ANAULIZA ANALIA AU HALII.

Nikaenda nayo nyumbani. Habari zilishanitangulia, karani mmoja wa posta, jirani yetu, alishampa baba pole mbele ya watu dukani. Nikamkuta uani, patasi mkononi, hachongi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kwa hiyo mpaka Bukoba wanajua."

"Mpaka Bukoba, baba."

Nikamwomba radhi, nikamsomea ile karatasi, nikamuuliza nijibu nini, au ninyamaze. Akakipuliza vumbi kinyago chake, akakigeuza, akapuliza tena mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Kesho mwandikie," akasema. "Analia."

Nikaandika, MPANDA ikiwa juu kabisa, nikaikagua hadi wenzangu wakachoka kunisubiri. Bakari akarudi. Hakuchonga, na waligombana tena na baba, mara nyingi tu, ila hakuondoka tena.

Mie nikaapa maneno ya ndani hayatapita tena kwenye mtambo wowote. Ndiyo maana wanangu wakinilaumu kwamba kwenye kundi la familia siandikagi kitu, nawaambia mwenye neno na mie aje nyumbani, tuongee, na mlango tuufunge.