Ra ya Mwalimu

Mashine za kiwandani Thika ziliniharibia masikio mapema. Sikuwa kiziwi kabisa. Matusi ya nyapara niliyasikia vizuri sana, ila sauti nyembamba na maneno ya chini chini yalinipita. Nililificha jambo hilo kama mtu anavyoficha kidonda, kwa sababu mtaani kwetu Makongeni kote mimi ndiye niliyekuwa fundi wa vinanda, ufundi niliotoka nao misheni kwetu magharibi. Fundi wa vinanda asiyesikia! Wangenicheka mpaka mbavu ziwaume. Tena meneja wetu hakutaka kiwandani mtu asiyesikia king'ora. Aliyejua ni mtu mmoja, mwalimu wa kwaya wa kanisa dogo la Ruiru.

Mwalimu huyo alikuwa Mkikuyu mwembamba, mpole kupita kiasi, na upole wake uliniudhi. Hata hivyo tulifaana. Yeye alisikia, mimi nilikwangua. Ndani ya kinanda cha kukanyaga mna ndimi za shaba, kila sauti na ulimi wake. Ukiukwangua ulimi karibu na ncha, sauti inapanda. Ukiukwangua karibu na shina, inashuka. Lakini shaba ikishatoka hairudi, na ulimi ukikonda mno unapasuka. Ulimi mwingine ulikuwa wa kuagizwa Ulaya.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na Mkikuyu hakukaa anapotaka. Mwalimu aliishi na mkewe na watoto katika chumba nyuma ya kanisa kwa sababu moja tu, iliyoandikwa kwenye pasi yake: mpiga kinanda. Bila kinanda pasi ingekwisha, naye angepelekwa na watoto wake kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, ambako ndugu zake walikuwa wanalala njaa. Sasa padre Mzungu alikuwa ametuma habari. Amesikia kwamba kinanda cha Ruiru kinatia aibu. Jumamosi atapita kukisikiliza, na kama hakifai kitaondolewa.

Jumamosi hiyo nilishuka kwenye treni ya mchana, nikakimbia mpaka kanisani. Mwalimu alikuwa ameshaketi kinandani. Alikanyaga, akabonyeza sauti moja moja, huku akigonga gotini kile kichuma chake chenye meno mawili ambacho daima hutoa sauti moja isiyobadilika. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma, kichwa ndani ya kinanda.

"Ra iko chini," akasema. "Pandisha kidogo."

Nikauchomoa ulimi, nikaupachika wembe chini yake usipinde, nikakwangua ncha polepole, nikaurudisha. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Nilipoinua kichwa nikaona midomo yake imekuwa myeupe.

"Fundi, umegusa nini?"

"Si ulisema re?"

"Nimesema ra!"

"Ndiyo, re!"

"Si re, atiriri, hebu sikiliza! Ra! So, ra, ti!"

Nilitaka kumrukia. Miaka yote nilijua kwamba l na r kwake ni kitu kimoja, kwamba akila wali anakula wari, na nilimtania sana kwa hilo. Lakini huko misheni kwetu re tuliiandika kwa herufi r peke yake, na kwa masikio yangu haya, la yake aliyoitamka ra ikaingia kama re. Nikamfokea kwamba mtu asiyeweza kutamka la hana haja ya kufundisha kwaya. Naye, mara ya kwanza tangu nimjue, akanifokea kwamba kiziwi hana haja ya kushika kinanda. Tulikuja na ulimi mmoja mbovu, na sasa zilikuwa mbili.

Tukakubaliana tusitaje sauti tena kwa mdomo. Aliinama juu ya kinanda, mguu kwenye kikanyagio, mkono mmoja begani kwangu. Akinigonga mara moja, nipandishe. Mara mbili, nishushe. Akinibana, niache. Tulianza na la, kwa kuwa ndiyo sauti ya kile kichuma. Sauti mbili zikikaribiana bila kukutana hutetemeka pamoja, na kadiri zinavyokaribiana ndivyo mtetemeko unavyopungua kasi, mpaka unatulia. Mimi sikusikia mtetemeko wowote. Nilisikia vidole vyake tu. Pigo moja. Moja. Halafu akanibana, nikapumua.

Re ndiyo iliyonitoa jasho. Ilibidi kuishusha, yaani kukwangua shina la ulimi ambao ncha yake nilishaikondesha. Mwalimu aliilinganisha na la. Mapigo mawili. Nikakwangua. Mawili tena. Nikauinua ulimi kwenye mwanga wa dirisha kutazama kama umepata ufa, nikaogopa hata kuupumulia. Mawili. Mara mkono wake ukakakamaa begani. Nilidhani ulimi umepasuka, kumbe alikuwa amesikia gari la padre barabarani. Nikakwangua mara ya mwisho, nikasukuma ulimi mahali pake, akanibana kwa nguvu mpaka nikaumia.

Padre aliketi akapiga wimbo mzima. Akatabasamu. Nami nilikuwa nimeanza kutabasamu aliposema, "Kinanda kizuri hivi kinapotea bure huku. Nitatuma lori likilete Thika." Akanigeukia. "Wewe si unakaa Thika? Utakitunza huko."

"Ndiyo, padre," akajibu mwalimu, taratibu, kama mtu aliyeombwa kiti.

Ule upole wake! Hasira ilinipanda, na sijui kama nilimkasirikia yeye au padre. Nilikumbuka kwamba meneja wetu husali kwa padre huyu. Nikasema hata hivyo.

"Padre, mimi sisikii. Mashine zimenimaliza masikio. Huyu ndiye anayesikia, mimi nina wembe tu. Mkikipeleka Thika, mwezi mmoja kitaharibika, na hakuna wa kukitengeneza."

Alidhani natania. Akatugeuza sote tutazame ukuta, akafanya jambo fulani nyuma yetu, kisha akaniuliza ni sauti gani. Sikujua hata kama alikuwa amebonyeza. Akamuuliza mwalimu, naye akaitaja bila kugeuka. Padre akafunika kinanda.

"Basi kibaki hapa," akasema, akaenda zake.

Kabla ya kukimbilia treni, maana saa ya kafyu, ya watu kufungiwa ndani, ilikuwa inakaribia, nilipita chumbani kuaga. Mke wa mwalimu alikuwa amepiga magoti sakafuni, anafungua blanketi lililojaa sufuria na nguo za watoto. Alikuwa amefunga mizigo tangu asubuhi. Aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kitu kwa sauti ya chini huku machozi yakimtoka. Siku nyingine ningeitikia kwa kichwa na kujifanya nimeelewa.

"Mama," nikamwambia, "sema kwa nguvu. Mimi sisikii."