Nilimkataza mzee wangu kunyanyuka kwenye kikao cha mahari

Mwangaluka wakuu.

Hili limenitokea mwenyewe, sijatia chumvi. Naandika kwa sababu limenikaa rohoni na nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni afisa mifugo hapa Bariadi, nakaribia hamsini. Mzee wangu yuko Mwamanyili, ameshavuka sabini. Mwaka huu kijana wangu alipata mchumba kule Nassa, na babu yake ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwenye mahari.

Kikao cha kwanza mzee alitoka mara nne. Ubishi wa ng'ombe ukikolea tu, yeye huyo nje. Wakwe wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Huyu mzee anatudharau. Kama ng'ombe hana si aseme."

Niliona aibu. Njiani nikamwambia kwa ukali, "Baba, Jumamosi tukirudi ukae mpaka tumalize. Usituaibishe."

Akajibu, "Sawa, nimesikia."

Niwaambie kitu hapa. Sisi tulivyolelewa, mtoto wa kiume hamuulizi baba yake habari za chini ya kiuno. Hata maji nilikuwa naona hanywi, nikadhani ni uzee.

Jumamosi alikaa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Aliongea vizuri, tukakubaliana, na mimi nikafurahi kwamba mzee kaelewa somo.

Tulipomaliza akaenda nyuma ya zizi. Akachelewa kurudi. Nikamfuata, nikamkuta ameshika nguzo, jasho linamtiririka, tumbo la chini limevimba. Mkojo umegoma kabisa.

Tukamkimbiza hospitali. Daktari alipomuuliza tatizo lilianza lini, mzee akaomba kwanza mimi nitoke. Nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia, "Mwaka wa tatu sasa."

Wakamwekea mpira wa mkojo. Ultrasound ikaonyesha tezi dume imekua, mambo ya homoni na umri. Daktari akasema angewahi, huenda vidonge vingetosha. Lakini mkojo ulikuwa unabaki na kurudi nyuma muda wote huo, figo zikaumia, na kile kikao kikamalizia.

Wakuu, hii ndiyo kazi yangu. Dume la ng'ombe la mtu likikojoa kwa shida naitwa, na nagundua siku hiyo hiyo. Baba yangu miaka mitatu sikumwona.

Nilimwomba msamaha pale kitandani. Akasema, "Uliniambia nikae, nikakaa. Ulitaka nikuaibishe mbele ya wakwe?"

Nimejuta sana.

Harusi imepita, hakuhudhuria. Anaona haya na ule mfuko wa mkojo. Figo nazo hazijarudi kama zamani.

Mzee akianza kutokatoka au kukwepa maji, mpeleke akapimwe. Ukimsubiri aseme, hasemi. Ukishindwa kumuuliza, mtume mjukuu, wao wana utani.

Kuna aliyewahi kuongea jambo hili na mtu wa damu yake ana kwa ana? Ulianzaje? Nauliza kwa sababu mwezi huu na mimi nimeanza kutokatoka ofisini, na kijana wangu bado sijamwambia.