Kesi ya Baba na Ua wa Jirani

Baba yangu alikuwa na sikio moja zima na haraka ya watu wawili. Hapo kwetu Baraka, kando ya ziwa, akienda kwa mtu alipiga hodi huku mguu mmoja umeshaingia ndani, na jibu lilimkuta ameketi. Hakuna aliyemkasirikia, mpaka mwaka mmoja wa miaka ya hamsini, nilipokuwa karibu kuolewa.

Mbuzi wa jirani alikula mihogo ya baba. Jirani akasema si mbuzi wake. Wazee hawa wawili walisali safu moja tangu ujana, lakini siku hiyo walirushiana maneno mpaka jirani akatamka mbele ya watu kwamba baba asikanyage tena uani kwake. Asubuhi, akinywa uji, baba akakumbuka tusi zuri alilosahau kulisema jana. Mwingine angelimeza. Baba aliweka bakuli chini, akaenda, akapiga hodi, akaingia.

"Mbuzi yako inakushinda akili!" nilimsikia akifoka. "Yenyewe inajua ile mihogo ni ya muntu, njo maana inakula ikiangalia njia!"

Jirani akapanda Fizi, kwenye baraza la mwamuzi, kumshtaki kwa kuingia uani kwake baada ya kukatazwa. Adhabu ilikuwa siku saba buloko, na mtu aliyefungwa hawezi kuozesha binti. Kesi Jumanne, ndoa yangu Ijumaa. Wakwe walikuwa wanavuka ziwa kutoka Ubwari, na baba, kwa ukaidi wake, alikataa katakata kumwachia mtu mwingine kazi ya kuniozesha.

Watu wakatuambia kuna njia moja tu. Kama jirani aliitikia "karibu," basi aliruhusu mwenyewe, na kesi hakuna. Je, aliitikia? Baba hakujua, kwa sababu hakungoja. Mimi nilikuwa natwanga majani ya sombe. Hodi niliisikia, jibu sikulisikia. Lakini nilitaka kuolewa, kwa hiyo nikaamua kwamba nimelisikia.

Siku hiyo kulikuwa na kamio moja tu ya mizigo ya kupanda Fizi, basi mshtaki na mshtakiwa wakakaa bega kwa bega juu ya magunia. Kwenye kona ya tatu jirani alimshika baba asianguke. Kwenye kona ya tano baba alimmegea muhogo wa kuchoma, akiwa ameangalia pembeni. Mimi nilikuwa narudia uongo wangu kimoyomoyo, nisije nikakwama.

Barazani mwamuzi alimuuliza baba kama alijibiwa.

"Sikungoja, muzee," baba akasema. Hata kudanganya alikosa subira.

Jirani naye alipoulizwa akazungukazunguka: alimkataza, watu walisikia, muntu mzima hawezi kukatazwa mara mbili. Mwamuzi akachoka, akaniita mimi. Msahafu ukaletwa. Nilinyoosha mkono kuugusa.

"Muache mutoto," jirani akasema. "Nilimujibu karibu."

"Muntu anakuya kukutukana, we unamuambia karibu?" mwamuzi akamuuliza.

"Sasa nimuambie nini? Niko na hasira, lakini siko nyama ya pori."

Baraza zima likacheka, mwamuzi naye. Kesi ikafutwa. Kwa lile tusi, baba aliamriwa kuomba radhi palepale, naye akaomba, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia.

Tulipokuwa tunashuka na kamio kurudi, baba alilala juu ya magunia kama mtu aliyeshinda kwa akili zake. Nikamsogelea jirani kumshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Nilitaka baba yako afungwe kabisa, hata zile siku saba niliona ni kidogo. Lakini siku ile niliitika kwa sauti ya chini sana, hakuna muntu wa inje angesikia. Nikakuona unapeleka mukono kwa musahafu, nikajua unaenda kuapa uongo. Binti yangu, utaingiaje kwa bwana yako Ijumaa na kiapo kama ile?"

Njia nzima ya kupanda nilikuwa nimemwita yeye mwongo moyoni, na mwongo aliyekuwa amejiandaa ni mimi. Nililia mpaka Baraka, na baba alipoamka akadhani ni mambo ya kuolewa.