Mdako wa Mtu Mmoja

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilidanganya katika mchezo niliokuwa nikiucheza peke yangu, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba nimemuua ndugu yangu.

Ilikuwa kijijini Suma, kwa bibi mzaa baba. Mama, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amelazwa hospitalini Tukuyu kwa sababu ya kutokwa damu, na baba alikuwa huko akimuuguza. Nilibaki na bibi na binamu yangu Bupe, aliyenizidi miaka mitatu na hakuniruhusu nisahau hilo. Ndiyo miaka ile bidhaa zilipoanza kujaa tena madukani. Baba alikuwa ameninunulia mjini gololi ya kioo, nami niliirusha badala ya jiwe tulipocheza mdako.

Mdako unataka kishimo na kokoto kumi. Unarusha gololi juu, unachota kokoto, unadaka gololi kabla haijagusa chini. Unarusha tena, unazirudisha shimoni zote isipokuwa moja. Hivyo hivyo mpaka zinakwisha. Bupe alinishinda kila siku.

"Mikono gani hiyo, kama magimbi!" aliniambia. "Mwambie mama yako akuletee mtoto upesi, labda huyo utamweza."

Bibi alikuwa mtu wa kanisa, hakosi ibada. Hata hivyo aliamini jambo moja alilolipokea kwa mama yake, na alilisema kama anayetoa taarifa ya mvua: "Mdako ni wa watu wawili. Ukicheza peke yako, yule wa pili yupo, ila humwoni."

Jumamosi moja bibi na Bupe walikwenda kuchuma chai. Mimi nilikuwa na kikohozi, nikaachwa. Nilikaa chini ya upenu, mvua nyembamba ikinyesha, nikasema kwa sauti kwamba nikimaliza kokoto zote bila kukosa, mama atarudi na mtoto. Nilimwambia nani, sijui.

Sikuwahi kucheza vizuri namna ile. Nilifika kokoto ya tisa. Nikarusha, nikachota, na gololi ikapita kando ya kidole changu, ikatua kwenye udongo.

Nilitazama huku na huku. Palikuwa na kuku tu. Nikasema, "Hiyo ni kwa sababu ya kukohoa," ingawa sikuwa nimekohoa. Nikaiokota, nikarusha upya, nikamaliza. Nakumbuka kwamba nilifurahi kweli. Furaha ya ushindi wa uongo haikuwa na tofauti yoyote na ile nyingine.

Jumanne mama alirudi. Alishuka kwenye gari akiwa ameshikwa mkono na baba, kanga imefungwa tumboni, mikono mitupu. Wanawake wa jirani walikuja kumpa pole, "ndaga, ndaga," wakakaa naye bila maneno mengi.

Mimi niliacha kula. Siku ya tatu nilipata homa. Bibi hakuniuliza kama ni kichwa au tumbo. Kwetu huaminiwa kwamba jambo, hasa hasira, likifichwa moyoni humuumiza aliyelificha au mtu wa nyumba yake, na dawa yake ni kulitamka, kisha kujaza maji kinywani na kuyapuliza nje. Alileta kikombe, akanikalisha mbele ya mama.

"Sema. Umemkasirikia nani?"

"Sijamkasirikia mtu. Nilidanganya mdako."

"Ulimdanganya nani?"

"Nilikuwa peke yangu, bibi."

Bibi akakisogeza kikombe karibu. Angeweza kusema kwamba alinionya; hakusema. Nilieleza yote: kokoto ya tisa, kikohozi, na nilichokuwa nimeomba. Mama alinisikiliza akiwa amelala ubavu, kisha akaniuliza ilikuwa siku gani.

"Jumamosi."

"Basi hukufanya kitu, mwanangu. Mtoto alikuwa amekwisha kuondoka Ijumaa."

Bibi alimtazama mama, kisha akanipa kikombe. "Puliza." Nikapuliza maji mlangoni. Jioni ile nilikula ndizi sahani nzima, na Bupe akaniuliza ni mgonjwa gani anayekula kama mpagazi.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye baba, katika kusimulia mengine kabisa, alinitajia kwamba mtoto yule alifariki Jumapili asubuhi. Alikumbuka kwa sababu wauguzi walikuwa wakiimba wodini. Mama alikuwa jikoni, nami sikwenda kumuuliza.

Nimefikiria mara nyingi kama mtu anaweza kudanganya akiwa peke yake. Wapo wanaosema haiwezekani, kwa kuwa aliyeweka sheria ndiye anayezivunja, na hakuna aliyepokonywa kitu. Sina hoja kubwa ya kuwapinga. Najua tu kwamba nilitazama huku na huku kabla ya kuokota, na mtu hatazami hivyo pasipo na mtu.

Kuhusu Ijumaa ya mama, bado sijapata jina lake. Siku nne baada ya kumpoteza mtoto, mbele ya mkwewe na mbele ya kikombe kile ambacho kwetu hakisemewi uongo, aliisogeza siku nyuma ili mimi nile. Kama kweli kulikuwa na mwingine asiyeonekana aliyekuwa akihesabu, nadhani hapo naye alinyamaza.