Nguzo ya Sola Aliyoing'oa Athanas

Saa tano asubuhi, Athanas Banzi anainua sola yake kutoka majanini, anaifuta vumbi kwa kiwiko cha shati na kuihamishia kwenye upenyo mwingine wa jua katikati ya mahindi. Haupiti muda, kivuli cha mfenesi kinaifuata. Anainua tena.

"Namchunga huyu kama mbuzi," anasema, kisha anatazama mawingu yanayoshuka Uluguru na kicheko kinamkauka.

Betri isipojaa, taa ya kibanda anacholala shambani itazima kabla hakujapambazuka. Hilo ndilo analoliogopa.

Athanas, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, analima na kulinda mahindi na mihogo katika kijiji kimoja cha Matombo. Msimu uliopita nguruwe pori walishuka usiku, upepo ulipozima kibatari chake. Alitoka na panga akidhani ni mmoja. Anapandisha suruali na kuonyesha kovu linaloanzia gotini kwenda pajani.

"Nilisikia pumzi yake kabla sijamwona. Mpaka leo giza likiingia, sitoki nje. Mwanaume mzima naogopa, sifichi."

Nguzo za umeme zimeishia barabarani, chini kabisa, hivyo amehangaika na kila njia. Kibatari nusura kichome kibanda cha nyasi. Betri ya gari aliichajisha gulioni na kuipandisha mlima begani, hadi tindikali ikamvujia na kumbabua ngozi. Jirani alimshauri afunge dainamo kwenye kijito, lakini kiangazi kijito chenyewe hubaki matope.

Ndipo akauza mbuzi wake wote wawili, akanunua sola. Kwa kuwa kibanda kimezungukwa na migomba na mfenesi, fundi Hafidhi kutoka mjini alimwambia dawa ni nguzo ndefu. Wakachimba shimo, wakamwaga zege. Usiku wa kwanza taa ilipowaka, Athanas alipata usingizi ambao hakuuonja tangu ajeruhiwe.

Asubuhi akaja Mzee Oscar, kaka wa marehemu mkewe. Hakuketi.

"Shemeji, nani kakuruhusu kuzika nguzo kwenye ardhi ya dada zangu?"

Kwa Waluguru, ardhi hufuata ukoo wa mama. Athanas alikuja kuoa, akalima shamba la mkewe, Yustina. Mahindi na mihogo hakuna anayekukataza, maana huvunwa vikaisha. Ila kitu cha kudumu, kiwe mti au zege, ni sawa na kutangaza kwamba ardhi ni yako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Athanas alipewa jembe zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na bado ni mgeni.

"Niliogopa nguruwe, nikasahau ukoo," anasema. "Wangenifukuza ningekwenda wapi? Yustina amelala pale chini."

Siku hiyohiyo aliing'oa nguzo mwenyewe, akalifukia shimo.

Mzee Oscar hazungumzi kwa hasira. "Simfukuzi shemeji yangu. Lakini leo nguzo, kesho nyumba. Tukifa sisi wazee, nani atasema shamba lilikuwa la nani?"

Hata hivyo alimwachia mlango mmoja. Bernadeta, binti wa Athanas anayeuza mitumba Dumila, ni wa ukoo ule kwa upande wa mama yake. Nguzo akiizika yeye, hakuna wa kuhoji.

Athanas alimpigia simu. "Baba, huko mlimani mimi nina nini?" binti alijibu mwanzoni, kwani hajafika tangu wamzike mama yake. Baada ya kubembelezwa sana, ameahidi kuja Jumamosi.

Ahadi hiyo imempa Athanas matumaini, na imemletea hofu nyingine. Zege likikauka, shamba litakuwa la Bernadeta mbele ya watu wote, na akitaka kumpa mtu mwingine alime, baba yake hana neno.

"Nilimfundisha kushika jembe hapahapa," anasema Athanas. "Sasa Jumamosi nitamwomba mwanangu ruhusa ya kulala kibandani. Najua hatakataa." Kivuli kimeifikia sola tena; anainama kuihamisha. "Namwomba Mungu asikatae."